Mikono Mgongoni

Everline Muhonja alikuwa na dawa ya watoto wasioweza kuona kitu bila kukishika, na dawa hiyo hakuipata kwenye masomo yake ya jioni. Aliibuni mwenyewe kule mtaa wa Kware, katika chumba cha chini cha ploti ya kupangisha ya ghorofa saba, ambamo yeye na mwenzake Jacklyne walilea watoto wa watu wanaoingia viwandani kabla jua halijatoka. Chai ya moto ikiletwa, au jiko likiwa linawaka, Everline alipiga kofi moja na kuuliza, "Mikono?" Watoto wakaitikia, "Mgongoni!" na mikono yote ikaenda nyuma, vidole vikashikana, vitumbo vikatangulia mbele kama vya machifu wanaokagua gwaride.

"Hiyo yako hata jeshini hawana," Jacklyne alizoea kumwambia.

"Jeshini hawana uji wa moto," Everline alizoea kumjibu.

Kwa hiyo Jumamosi ile, gari la kanisa lilipowashusha mtaa wa Mbotela, watoto tisa wamepakwa mafuta wakang'aa kama sufuria mpya, Everline alishuka wa kwanza, kichwa juu. Mbele yao ilisimama nyumba ya zamani ya kaunsili ya jiji, fupi, yenye ukuta mnene na mlango wa kijani. Juu ya mlango palikuwa na kibao kilichochongwa kwa mkono: MAKUMBUSHO YA WANASESERE NA VICHEZEO VYA KALE. Chini yake kilikuwapo kingine, kidogo kuliko cha kwanza lakini kilichochongwa kwa kina zaidi: USIGUSE.

"Kimeandikwa nini, Ticha?" aliuliza Shiundu, mwana wa keateka, mtunzaji wa ploti yao, kitoto cha miaka sita ambacho maswali yake hayakuwa na likizo.

"Cha juu kinasema karibuni," Everline alisema. "Cha chini kinasema mikono?"

"Mgongoni!"

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha. Susu Nthoki alisimama kizingitini, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Kwa Kikamba susu ni bibi, nyanya, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Mkamba na asiye Mkamba. Aliwaangalia watoto mmoja mmoja, na hakuangalia sura. Aliangalia mikono.

Kumfikia huyu bibi hakukuwa kazi ndogo. Majuma machache nyuma Everline alikuja peke yake, amevaa ile blauzi aliyovaa siku ya kupokea cheti chake cha malezi ya watoto wadogo, akaomba kuleta watoto wa Kware waone vichezeo. Susu alimkatalia akiwa bado yuko kwenye ngazi.

"Watoto sipokei. Wageni wangu ni watu wazima, tena wanapiga simu kwanza. Watoto wana mikono."

"Ni kweli, Susu, wanayo," Everline alisema. "Na wangekuwa hawana, ungekuwa umeshawafungia kabatini pamoja na hao wengine."

Susu alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Kisha pua yake ikatoa mlio mdogo, ambao baadaye Everline alikuja kujua ndio kicheko chake.

"Unatoka wapi wewe, mwenye mdomo?"

"Kware, Susu. Nyumbani kwetu ni Vihiga."

"Mmaragoli. Nilipokuwa karani tulifanya kazi na mmoja. Alikuwa akinyamaza, tunajua ni mgonjwa. Ingia unywe chai."

Ndipo, akipita kwenda jikoni, Everline alipokiona kile chumba cha nyuma. Kilikuwa kimejaa maboksi matupu, lakini dirisha lake lilitazama ua wenye nyasi, na jua lilikuwa limelala sakafuni lote, bila haraka. Alisimama pale na kikombe mkononi. Kule Kware ghorofa zimebanana hivi kwamba jua likishuka chini hufika kama mgeni aliyekosea nyumba, huchungulia, likaondoka. Watoto huchezea kwenye ngazi, kati ya mitungi ya maji na nguo zinazodondosha. Katika darasa la jioni mwalimu wao alisema mchezo ndio kazi ya mtoto, na Everline alijiambia kimoyomoyo: basi kwetu watoto wote hawana ajira.

Alimwomba Susu kile chumba palepale. Si kukinunua, si kukihamia. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tu, awalete watoto, wacheze, wajifunze kutengeneza vichezeo vyao wenyewe.

Susu alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Walete mara moja niwaone," alisema. "Wakitulia, tutaongea habari ya chumba. Kikiguswa kitu hata kimoja, mlango mtakaoingilia ndio mtakaotokea, na usinirudie. Tumeelewana, Mama Kageha?"

"Tumeelewana, Susu."

Na huyo Kageha ndiye aliyekuwa sasa ameshika upindo wa sketi ya mama yake, leso ya kukalia kwenye nyasi imekunjwa kwapani. Alikuwa na miaka saba, mkubwa kuliko wote katika kundi. Alibeba jina la marehemu mama yake Everline, na kwa desturi ya kwao, anayerithi jina hurithi na heshima yake. Ndiyo sababu Everline alimwita "mama", na ndiyo sababu kumkaripia kulimshinda. Akiinua sauti, alihisi kama amemfokea marehemu. Kwa bahati, Kageha hakuhitaji kukaripiwa sana. Akitoka shule aliingia deikea na kuulizia watoto wachanga. Wale waliomkataa Jacklyne, wakajinyonganyonga na kulia mpaka wakawa wekundu, walifungwa kwa leso mgongoni mwa Kageha, na baada ya safari tatu nne za kwenda na kurudi ukutani, walilala fofofo.

"Ingieni," alisema Susu. "Mguu polepole. Mkono usinionyeshe kabisa."

Chumba cha kwanza kilikuwa na kabati za vioo kutoka sakafuni hadi darini. Palikuwa na magari ya waya yenye usukani mrefu, lori lililoundwa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, mpira wa majani ya mgomba, farasi wa mbao wa kubembea ambaye rangi ilikuwa imembanduka puani. Kabati zenyewe, Susu alieleza, zilichongwa na marehemu mumewe Kivuva, fundi wa vinyago wa soko la Gikomba.

"Vinyago vya twiga aliwauzia watalii," alisema. "Kabati alinichongea mimi."

Everline alisimama mbele ya doli aliyeundwa kwa gunzi la hindi, amevikwa kipande cha kitenge, nywele zake zile nyuzi za hindi zilizokauka. "Huyu tulikuwa naye kwa guku wangu, nyanya yangu," aliwaambia watoto. "Tatizo lake moja. Ukimsahau nje, asubuhi unakuta kuku amemla uso."

Watoto walicheka. Pua ya Susu ilitoa ule mlio wake. Jacklyne alimfinya Everline kiunoni, kumwambia bila maneno kwamba mambo yanakwenda.

Kisha wakafika kwenye nyumba ya wanasesere. Ilimzidi Shiundu kwa urefu. Ilitoka ng'ambo kwa meli zamani, Susu alisema, na mbele yake ilifunguka kama kabati, ukaona vyumba vyote kwa mara moja: vitanda vyenye mito midogo kama tembe, meza yenye sahani za ukubwa wa kucha, ngazi ya kupanda juu, mpaka kijichumba kimoja chini ya paa. Watoto walikodoa macho. Walikuwa watu wanaopiga hesabu.

"Susu," Shiundu alisema hatimaye, "hii ploti iko na nyumba ngapi?"

"Hii si ploti, mtoto wangu. Ni nyumba moja ya familia moja."

Shiundu alimtazama Susu kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Zote?"

"Zote."

"Sasa wale wengine walienda wapi? Walifungiwa?"

"Wengine gani?"

"Si wapangaji!"

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Mikono ilibaki mgongoni, lakini videvu vilianza kuonyesha kama vidole. Yule mwenye ndevu ghorofa ya pili ni landilodi, alikuja kudai kodi, ndiyo maana amevaa kofia ndani ya nyumba. Wale wawili wa chumba cha kulia ni mama na baba wa mapacha. Mama wa jikoni anapika chapati za kuuza, na watu wa juu wanalalamika moshi. "Choo ni kimoja!" mtoto mwingine alipiga ukelele. "Asubuhi watapigana!" Na jambo moja liliwasumbua wote: kamba ya kuanika nguo haikuwapo popote. Watu gani hao, walijiuliza, wanafua na hawaaniki?

Everline alijua wajibu wake. Maelezo aliyojiandalia na kuyakariri kwa ziara hii yalisema hapa aeleze sebule, chumba cha kusomea, maisha ya matajiri wa Ulaya wa enzi hizo. Akafungua kinywa, akakifumba tena. Watoto wake walikuwa kazini, na hakutaka kuwafuta kazi.

"Na huyu wa juu kabisa?" aliuliza badala yake. "Huyu mwenye aproni, chini ya paa?"

"Huyo ni keateka," Shiundu alisema bila kusita. "Anakaa karibu na tangi la maji."

"Huyo ni yaya," alisema Susu Nthoki.

Alilisema kwa sauti ya chini, akavaa miwani yake bila sababu, akaivua. "Twendeni chumba cha pili."

Chumba cha pili kilikuwa cha wanasesere peke yao, safu kwa safu, na kwa heshima ya siku hiyo Susu alikuwa amemtoa mmoja kabatini mapema na kumketisha kwenye kiti kidogo, nyuma ya kamba nyekundu. Alikuwa na kichwa cha kauri, mashavu kama maua, nywele halisi za mtu, na ukubwa wa mtoto wa miezi minne. Macho yake ya kijani yalikuwa wazi kabisa.

"Huyu ndiye wa kwanza," Susu alisema. "Ndiye aliyezaa makumbusho yote haya. Zamani ukimlaza alifumba macho, ukimwinua anafumbua. Ndani ya kichwa kuna kijiwe cha madini ya risasi kinachovuta macho. Lakini fundi alimkagua akaniambia kile kinachokishikilia kimechakaa. Akifumba leo, huenda asifumbue tena. Kwa hiyo hukaa hivyo."

"Halali?" Kageha aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Halali."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tangu mama yangu akiwa hai."

Kageha alimwangalia yule doli, kisha akamwangalia mama yake, kwa uso ambao Everline aliujua lakini hakuupa maana wakati ule. Chai ilikuwa inanukia uani, na mandazi.

Walikaa kwenye nyasi. Watoto walikula, wakavua viatu, wakagaragara kwenye nyasi kama punda waliotuliwa mzigo. Shiundu alikimbia kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi akihema, akatangaza kwamba ua huu ni mkubwa kuliko mtaa wa Pipeline wote. Susu alikaa kwenye kigoda mlangoni, akiwatazama, na Everline alimwona macho yake yakienda kwenye dirisha la kile chumba cha nyuma na kurudi kwa watoto.

"Wametulia," Susu alisema.

"Nilikwambia, Susu."

"Usijisifu. Mtu husifiwa akishaondoka." Lakini alisimama, akatoa funguo mfukoni mwa aproni yake. "Ngoja nimrudishe yule kabatini, halafu tukitazame hicho chumba."

Aliingia ndani. Everline alimgeukia Jacklyne, na wote wawili walikuwa wanatabasamu kama wasichana walioona majina yao kwenye ubao wa waliofaulu.

Ndipo sauti ya Susu ilipotoka ndani. Haikuwa kelele. Ilikuwa kavu.

"Mwalimu. Njoo."

Kiti kilikuwa kitupu. Kamba nyekundu ilikuwa mahali pake, haikuangushwa, haikulegea. Susu alisimama kando, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti kile kidogo.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu siku ulipokuja na mdomo wako."

Jacklyne aliwaingiza watoto wote, akawapanga ukutani, migongo kwenye ukuta, akapiga kofi mwenyewe kwa hofu. "Mikono?"

"Mgongoni," walijibu, sauti zimepungua.

"Tupekue mifuko," Jacklyne alimnong'oneza Everline. "Jaketi pia. Haraka, kabla huyu mama hajaita watu."

"Mtoto hapekuliwi," Everline alisema. "Mtoto huulizwa."

Alipita mbele yao polepole, akitazama nyuso. Shiundu alikuwa na macho makubwa na sukari mdomoni. Wawili walikuwa karibu kulia. Na mwishoni mwa safu, Kageha, aliyeingia wa mwisho akitokea koridoni, ametulia tuli, mikono mgongoni kama wenzake, na kifuani pake lilikuwapo fundo la leso.

Everline alilijua fundo lile. Alimfundisha yeye mwenyewe kulifunga: pindo moja juu ya bega, jingine chini ya kwapa, vuta, pinda, chomeka. Akaelewa yote kwa mara moja.

Mambo mawili yalimjia pamoja. La kwanza lilikuwa rahisi sana. Angeweza kusema, "Mama, twende chooni," wakapita naye kwenye korido, doli akawekwa nyuma ya kabati fulani, na baada ya dakika chache Jacklyne akamwona na kushangilia. Chumba kingepatikana. Jua lile la sakafuni lingekuwa la watoto wake. La pili: hakuna ambaye angejua, ila mmoja, na huyo mmoja alikuwa na miaka saba na jina la mama yake, naye angejifunza siku hiyo kwamba mtu akibeba kitu kwa upendo hufichwa kama mwizi.

"Susu," Everline alisema, "doli wako yuko salama. Yuko na binti yangu." Kisha akapiga magoti. "Mama, geuka."

Kageha aligeuka taratibu, jinsi anavyogeuka mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Mgongoni mwake, ndani ya leso, kichwa cha kauri kilikuwa kimelala upande, shavu kwenye sweta, miguu imekumbatia kiuno. Mikono ya Kageha, ile mikono mgongoni, ilikuwa imemshikilia kwa chini.

Macho ya kijani yalikuwa yamefumba.

"Shhh," Kageha alisema. "Ndio amelala saa hii."

Susu Nthoki alinyoosha mikono yote miwili mbele, akasimama hivyo hivyo, kama mtu aliyefika kwenye mto na kukuta daraja limechukuliwa.

"Macho yake," alisema. "Macho yake."

"Kosa ni langu, Susu," Everline alisema, bado amepiga magoti, lakini sauti yake haikupiga magoti. "Ulimwambia huyu mtoto kwamba doli hajalala tangu zamani, naye akaja kumlaza. Mimi ndiye niliyewafundisha mikono mgongoni, nikidhani ni njia ya kuizuia. Lakini huyu akiweka mikono mgongoni huwa anabeba. Ndiyo kazi yake kila jioni. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote. Tutatoka kwa mlango tulioingilia, kama tulivyoelewana. Ila kwanza tumwamshe, na tumwamshe vizuri. Wewe usimvute, tafadhali. Mwache aliyemlaza ndiye amwamshe."

Susu alishusha mikono. Hakukataa.

"Mama, mtoe polepole. Kama wale watoto wanaomkataa Jacklyne."

Kageha aliinama mbele mpaka mgongo ukawa kama meza. Akalegeza fundo, akamzungusha doli ubavuni bila kuiachia leso, akampakata, kisha akamwinua, kidogo kidogo, akimpigapiga mgongoni. "Amka," alimwambia. "Kumekucha. Hata chai iko."

Macho hayakufumbuka. Kageha alimtikisa kidogo sana, kama anavyotikiswa mtoto acheue, na ndani ya kile kichwa pakasikika mlio, tik. Jicho la kulia likafumbuka. La kushoto likafuata, likafika nusu, likakwama hapo hapo.

"Ako na usingizi bado," alisema Shiundu. "Anakonyeza."

Everline alimtazama Susu usoni, tayari kwa lolote. Alikuwa ameshapanga maneno ya kuwaambia watoto njiani. Lakini Susu hakuwa akilitazama lile jicho. Alikuwa akiitazama leso.

"Mama yangu alikuwa yaya," alisema, na hakuwa anasema na mtu fulani. "Nyumba moja ya Wazungu kule Muthaiga. Likizo nilikuwa naenda naye. Huyu alikaa kwenye rafu, na mama alimpangusa vumbi kila wiki kwa kitambaa laini. Mimi nikinyoosha kidole tu, anakipiga. Pa! 'Nthoki, usiguse.' Hakuwa mkali. Alikuwa anaogopa kufutwa. Wenye nyumba walipohama wakampa mama huyu doli, na mama akaja naye hapa Mbotela, na bado akampandisha juu ya kabati. Akaniachia. Nami nikamtunza kama nilivyoonyeshwa. Maisha yangu yote nimempangusa. Sijawahi kumbeba."

Nje, kule barabarani, mwuza maziwa alipiga honi ya baiskeli.

"Ni mzito?" Susu alimuuliza Kageha.

"Akiwa macho ni mwepesi," Kageha alisema. "Akilala ndio anakuwa mzito. Wote huwa hivyo."

"Nibebeshe."

Kageha alimtazama mama yake. Everline alitikisa kichwa kukubali.

Basi Susu Nthoki, karani mstaafu, mwenye makumbusho, aliinama katikati ya chumba chake huku watoto wakimtazama, na mtoto wa miaka saba akamweka doli mgongoni, akapitisha leso juu ya bega na chini ya kwapa. "Shika hapa, shosho," alisema, kama watoto wa Kware wanavyomwita nyanya. "Vuta. Usikaze sana, atakosa pumzi." Everline alitaka kusaidia fundo, akajizuia. Mikono yake yeye mwenyewe, aligundua, ilikuwa mgongoni.

Susu alisimama wima. Akasikilizia uzito. Akapiga hatua moja, kisha nyingine, mpaka ukutani, akarudi.

"Mpigepige hapo chini," Shiundu alimshauri. "Na uimbe. Bila wimbo utazunguka mpaka kesho."

"Wewe utakuwa landilodi," Susu alimwambia. "Unajua kuamrisha watu kwenye nyumba zao." Lakini alipigapiga. Na chini ya pumzi yake akaanza kitu cha Kikamba, kisichokuwa na maneno mengi, akaenda ukutani na kurudi, akaenda na kurudi, na kila alipogeuka, lile jicho moja la kijani liliwakonyeza watoto juu ya bega lake, nao wakaanza kucheka kwa kujibana, mmoja baada ya mwingine, hadi Jacklyne naye akashindwa.

Everline alivuta pumzi. "Susu," alisema, "watoto wakavae viatu?"

"Kwa nini? Mnaenda wapi?"

"Tulielewana. Mlango tulioingilia."

Susu alisimama. Aliingiza mkono kwenye aproni, akatoa funguo, akazitazama kana kwamba ni za mtu mwingine. "Kuelewana tulielewana," alisema. "Nilisema kikiguswa kitu. Huyu hakuguswa. Huyu alibebwa. Kubeba sikukutajia." Akamtazama Everline juu ya miwani ambayo hakuwa ameivaa. "Na hukunificha. Ungeweza. Nilikuona ukiwaza."

Everline alihisi uso ukimwaka moto. "Niliwaza, Susu."

"Kila mama huwaza." Susu aligeuka kuelekea korido. "Hayo maboksi ya chumba cha nyuma ni mazito, na mimi nina mtoto mgongoni. Wewe Jacklyne una mikono ya kazi, shika lile la mlangoni. Mwalimu, fungua dirisha, limekaza, lisukume kwa kiwiko. Jumamosi ya mwisho ya mwezi uje mapema tupake rangi."

"Na mikono yao?" Everline aliuliza, mlangoni, jua lote la kile chumba likiwa miguuni pake. "Waje nayo mgongoni?"

"Waje nayo tu," alisema Susu Nthoki. "Iwe imeoshwa."

Kisha akashusha sauti, akamwashiria Kageha amkaribie, akamwinamia kiasi ambacho mtu mwenye mtoto mgongoni anaweza kuinama.

"Hebu nitazamie huko nyuma," alimnong'oneza. "Amelala?"

Kageha alizunguka, akasimama kwa ncha za vidole, akatazama lile jicho la nusu kwa makini ya mtu wa kazi hiyo.

"Bado, shosho," alisema. "Zunguka tena."